Mama mkwe anakuja kunywa chai, sukari hakuna, umeme hakuna, nifanyeje ionekane ya kistaarabu?

BintiSingida_Tabata

Wadau habari zenu, naomba msaada wa haraka na naomba msinicheke (najua mtacheka).

Iko hivi. Mama mkwe wangu kaja Dar kutoka Tanga, amefikia kwa wifi Magomeni. Juzi kwenye shughuli ya jirani akasema mbele za watu, "mkwe wangu ana vikombe vizuri huyo, sema sijawahi kuvinywea." Jamani. Ni kweli ninavyo, seti ya vikombe 12 na visahani vyake, ukingo wa dhahabu, nilinunua Kariakoo mwaka nilioolewa na vimekaa kabatini tangu siku hiyo, mtoto akivisogelea napiga ukunga mtaa mzima unasikia. Basi mi na kiherehere changu nikajibu, "karibu mama Jumapili ya vunja jungu, uje na mashoga zako tunywe chai." Mashoga zake wako watatu, wote watoto wa mjini wa zamani, wale wa kugeuza kisahani kuangalia chini kimeandikwa nini kabla hawajakaa vizuri.

Nimerudi nyumbani ndo akili ikanirudia. Sukari dukani kwa Mangi wetu hapa kilo shilingi 4,500, wakati bei elekezi iliyotangazwa Januari hii ya 2024 hata uende mkoa gani haivuki 3,200, na hiyo 4,500 yenyewe hakuuzii kilo, anakupimia robo, tena anakuangalia kwanza usoni utadhani umekuja kuposa binti yake. Umeme unakatika saa 4 asubuhi unarudi saa 2 usiku, hapo siku ikiwa nzuri. Mvua hizi za El Niño zimegeuza uani kwangu bwawa, kuku wamehamia kwenye ngazi. Mume wangu nilipomwambia akasema "si uwape soda". SODA. Mama yake mzazi!

Nina sukari robo tatu hadi mshahara utoke na nina watoto wawili wa kunywa uji. Nataka chai ya heshima, watu wakae watulie, wasijue nahesabu vijiko moyoni. Ntafanyaje?

Mchumi_wa_Buza

Dada rahisi sana, toboa vijiko. Mgeni anachota kijiko kimejaa kikifika kwenye kikombe kimebaki hewa, mwenyewe atajilaumu mkono unatetemeka uzee huo.

BintiSingida_Tabata

@Mchumi_wa_Buza nilisema msinicheke 😭

Bi_Ngamiani

Mwanangu hebu tulia, mimi ni wa hukohuko kwa mama mkwe wako, Tanga, na hao wamama nawajua bila kuwaona. Nikwambie kosa lako la kwanza kabla hujalifanya: usiweke bakuli la sukari mezani. Ukiliweka umeshakwisha, maana hata mtu aliyezoea kijiko kimoja akiona bakuli siku hizi za adimu anaweka vitatu, si kwa kiu ni kwa kukujaribu. Sukari inaingia jikoni kwenye sufuria, wewe unaipima, chai inatoka imeshakolea, na ukiulizwa unajibu kwa upole "mama mimi nimezoea kukoroga mwenyewe nisiwachoshe wageni wangu". Hapo umekuwa mkarimu na robo yako ipo.

Pili maziwa. Chukua maziwa ya ng'ombe hasa, lita mbili, uyachemshe taratibu moto mdogo huku unakoroga mpaka yapungue yabaki kama lita moja na nusu. Maziwa yakipungua yanakuwa mazito na yanakuwa matamu yenyewe, sukari unaongeza kidogo tu ya kushika. Iliki ponda na maganda yake, mdalasini kipande, tangawizi usizidishe maana tangawizi ikiwasha mtu anatafuta utamu wa kupoza. Iliki na mdalasini kazi yake ni kudanganya pua, na pua ikishadanganyika ulimi unafuata.

Tatu vitafunwa. Nakuona unawaza vitumbua, kaimati, visheti. Acha! Hivyo vyote vinakula sukari kuliko chai yenyewe. Pika vya chumvi: sambusa za nyama, katlesi, bagia za dengu na chatne ya nazi, kachori ukiweza. Vidogo vidogo, kila kimoja kiishe kwa tonge mbili, upange kwenye sinia kwa duara. Watu wanaita ni mapishi ya kifahari kumbe umekimbia gharama. Mtu akitafuna sambusa ya pilipili kidogo akafuatisha chai ya maziwa iliyokolea, wallahi hata ukimuuliza sukari ilikuwaje hawezi kukwambia.

Na umeme usikuumize kichwa. Chai ya jioni ni saa 10, mwanga upo mpaka saa 12 na nusu, waage wakati bado wanaona viatu vyao. Chemsha kwa gesi au mkaa, mimina kwenye thamosi mbili, ila thamosi uisuuze kwanza kwa maji ya moto uyamwage ndo utie chai, la sivyo saa moja tu imeshapoa. Feni hakuna? Weka vipepeo vya ukili vinne mezani, kila mtu na chake. Wenyewe watafurahi, watakwambia wamekumbuka kwa mama zao.

Mufindi_Baridi

Dah huku kwetu majani yamejaa mashamba kwa mashamba na nyie mnalilia sukari, ndo maisha. Niongeze moja la kitaalamu kidogo, nimefanya kazi kiwandani. Chai wengi wanayonunua madukani ni ile ya vumbi, inakoza rangi haraka sana, halafu watu wanaichemsha robo saa mpaka inakuwa nyeusi kama lami kisha wanalalamika inataka sukari nyingi. Lazima itake! Ukali ule ni wa kuchemsha sana. Kwa chai ya rangi chemsha maji na viungo, epua, ndo utie majani, funika dakika tatu nne, chuja. Inatoka nyekundu safi inayong'aa ndani ya kikombe cha dhahabu, haigwaruzi ulimi, na kijiko kimoja kinatosha pale ulipokuwa unaweka vitatu. Na usiyaache majani humo ndani ya thamosi jamani, nimeona watu wanafanya hivyo nikaumia roho.

Halafu dada wewe jina lako linasema Singida. Mtu wa Singida analia sukari? Kwenu si ndo kwenye asali?

BintiSingida_Tabata

@Mufindi_Baridi weeee! Nina dumu la lita tano bibi alinitumia na basi mwezi wa kumi na mbili, lipo chini ya kitanda, natumia kwa kikohozi tu. Akili ya mwanadamu jamani, unalalia dawa unaumwa.

Mchumi_wa_Buza

Lita tano za asali chini ya kitanda na unalia njaa mtandaoni. Huyu ndo yule anayeficha sukari.

Mbeba_Box_Leicester

Mimi niko Uingereza nalea wazee, kuna bibi mmoja hapa ana miaka tisini na ushee, nikamsomea hii mada kwa kumtafsiria akacheka mpaka nikaogopa. Anasema wakati wa vita ya pili yeye alikuwa mtoto na chai ilikuwa ya mgao kweli, kuanzia 1940 mtu mzima anapewa wakia mbili kwa wiki, yaani kama gramu 57, piga hesabu hiyo ni vikombe vingapi kwa taifa lile linalokunywa chai hata nyumba ikidondokewa na bomu. Na mgao wa chai haukuisha na vita, uliendelea hadi 1952, sukari ndo hadi 1953. Sasa alichonichekesha ni kwamba mtu ukialikwa chai unakwenda na kikopo chako cha sukari kwenye mkoba, unafika, unasalimia, unatoa kikopo, unaweka chako unarudisha mfukoni, hakuna anayeona ajabu. Dada mwambie mama mkwe aje na yake 😂

BintiSingida_Tabata

@Mbeba_Box_Leicester nikimwambia hivyo chai itanywewa, ila mi ntainywea Singida kwa wazazi wangu nimerudishwa na mabegi.

Mzee_wa_Ilala83

Vijana mnaniamsha kumbukumbu. Shida ya sukari hii ya sasa mnaiita shida? Mwaka 1983 mimi niko darasa la sita Ilala, nchi imetoka vitani na Amin haina fedha za kigeni, sabuni hakuna, dawa ya meno hakuna, sukari unapata kwa kadi kupitia balozi wa nyumba kumi, na kama haikufika ndo haikufika. Halafu ukaja ule msako wa Waziri Mkuu Sokoine wa kuwakamata wahujumu uchumi, watu wenye magunia ndani wakawa wanayatupa usiku yasikutwe nyumbani kwao, tukisikia asubuhi fulani katupa mali yake mtaroni sisi watoto tunakwenda kuangalia kama kuna kilichobaki.

Sasa mwaka huohuo dada yangu mkubwa akaja kuposwa. Wageni wanane kutoka Temeke, watu wazima na kofia zao. Mama yangu alijua wiki nzima kabla, akanituma foleni duka la ushirika. Foleni ya enzi hizo ilikuwa ya mawe, unaweka jiwe lako kwenye mstari usiku unakwenda kulala, jiwe linakusimamia. Nikaweka langu, jiwe zuri tu lina doa jeupe, nimerudi alfajiri nakuta limesogezwa nyuma mawe kama thelathini, na mbele kuna matofali mapya siyajui yametoka wapi. Ilipofika zamu ya jiwe langu sukari imekwisha. Nikarudi nyumbani na jiwe mkononi, mama akaniuliza hilo la nini, nikamwambia ndo nililopata.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa na kashata za nazi kama kumi na tano hivi alizopewa na jirani, akazikata kila moja vipande vinne, akapanga kwenye sahani yake ya maua iliyokuwa ukutani kama pambo (ndiyo, aliiangua ukutani akaiosha). Akapika chai ya rangi yenye iliki na karafuu, haina hata chembe ya sukari, akaimimina kwenye vile vikombe vidogo vya kahawa. Wageni walipokaa akatoka amejifunga kanga mpya akasema kwa sauti ya madaha, "Karibuni, leo nimewapikia chai ya Kiunguja, inanyweka hivi: unatafuna kashata kidogo halafu unapiga funda." Wale wazee wakaangaliana. Hakuna aliyetaka kuonekana mshamba. Wakatafuna, wakapiga funda, mmoja akasema "enhee, hii naijua, tulikunywa kwa Karume." Uongo mtupu!

Dada kaolewa, ana wajukuu sasa hivi. Shemeji yangu mpaka leo hanywi chai yenye sukari, akija mgeni anamfundisha, kashata kwanza funda baadaye, anasema huo ndo ustaarabu wa visiwani. Sijawahi kumwambia.

Mwana_wa_Darajani

KUMBE NI NYIE! Mie mtu wa Unguja na kila mwaka anakuja mtu wa bara anataka eti "ile chai yenu chungu ya kashata" tunabaki tunamtumbulia macho. Ile ni KAHAWA jamani, kahawa ndo inanywewa chungu na kashata au haluwa, chai sisi tunatia sukari kama watu wengine. Mzee wa Ilala mama yako kutupoteza sote, Mungu amrehemu kama katangulia, alikuwa na kipaji.

Lakini dada wa Tabata hapo hapo pana jawabu lako ukalitumia bila ya kudanganya mtu. Anza na kahawa. Buli moja la kahawa chungu yenye tangawizi na iliki, vikombe vidogo, na sahani ya haluwa katikati na tende pembeni, tende za Ramadhani zishaanza kuingia sokoni. Haluwa watu wanachukua kidogo kidogo kwa kijiko, ni nzito, mtu mzima vijiko viwili kaisha hamu ya tamu kabisa. Hapo hujatumia sukari yako hata punje na hakuna atakaekwambia kahawa mbona chungu, akisema hivyo mashoga zake wenyewe watamcheka. Ndo baada ya hapo unaleta chai ya maziwa ya Bi Ngamiani, na mtu aliyetoka kula haluwa hata chai ikiwa na sukari robo ya kawaida hataki zaidi.

Na kabla hawajafika fukiza udi nyumba nzima, huo ndo utakaoua harufu ya tope la uani. Wakiingia uwe na mrashi wa marashi uwanyunyizie viganjani. Vikuba vya asmini ukivipata wape wakiondoka. Hivi vitu bei rahisi lakini mtu anatoka kwako ananukia, atakwenda kusema nini?

Ruwi_Muscat

Mwana wa Darajani kasema kweli. Huku Oman finjani haijazwi, unamimina kidogo chini tu, akimaliza unamuongeza, mpaka mwenyewe atikise finjani kuonyesha imetosha. Ukimjazia mgeni mpaka juu ni kama unamwambia kunywa uende zako. Kwa hiyo ukibana ukaambiwa unabana, sema ni adabu za Maskati 😄

Sina_Muda

Samahani lakini mnanishangaza. Desemba tu hapa watu Hanang' kule Manyara wamefukiwa na tope, familia nzima nzima, mafuriko kila kona, watu hawana unga na nyie mnajadili vikombe vya dhahabu na marashi. Kipaumbele chetu Watanzania ndo maana hatuendelei.

Bi_Ngamiani

@Sina_Muda mwanangu pole, una uchungu na una haki nao. Ila nikuulize, huko kwenye misiba yenyewe ulikuta watu wanakaa bila chai? Mimi nimezika mume na watoto wawili, na kila mara kitu cha kwanza kilichoingia tumboni mwangu ni chai aliyoniletea mtu kwa mikono miwili, kikombe kiko juu ya kisahani, hakijamwagika. Nilikiona kile kisahani. Niachie mtoto wa watu amkaribishe mkwewe.

Sina_Muda

Sawa bi mkubwa. Yaishe. Ila sambusa moja mniwekee.

Mchumi_wa_Buza

Mimi ushauri wangu wa vijiko bado upo mezani.

Mufindi_Baridi

Halafu hata mgao wa umeme huenda ukawa umepungua siku hiyo, wamesema mtambo namba 9 wa kuzalisha umeme pale Bwawa la Nyerere umeshaanza, megawati 235. Usishangae umeme ukarudi katikati ya chai yako redio ya jirani ikawaka na singeli.

BintiSingida_Tabata

MREJESHO. Kaeni vizuri.

Kwanza asanteni sana, nilifuata karibu kila kitu isipokuwa vijiko. Kahawa na haluwa mwanzo, chai ya maziwa baadaye, asali nikaitia kwenye kijagi kidogo cha kioo pembeni kwa anayetaka. Sambusa, katlesi, bagia. Udi nilifukiza mpaka mume wangu akatoka nje anakohoa. Umeme ulikatika saa zilezile, nikagawa vipepeo, na Bi Ngamiani ulisema kweli tupu, yule shoga mmoja alikishika kile kipepeo akaanza kusimulia harusi yake ya Pangani na hakunyamaza tena.

Mama mkwe aliingia amevaa kanga imeandikwa "Umdhaniaye ndiye kumbe siye". Nikaisoma mlangoni moyo ukaniruka, nikaanza kujiuliza ni mimi, ni mwanawe, ni nani. Akakaa. Akageuza kisahani. Akakiweka chini bila kusema kitu, nikapumua.

Wamekunywa jamani. Wamesifia. Yule wa Pangani kaniuliza chai nimeitia nini mbona tamu hivi, nikamwambia ni maziwa tu mama. Nimetumia sukari robo kasoro, NIMEPIMA, nimebaki na nusu kilo na zaidi. Nilikuwa najisikia mimi ndo mimi.

Sasa wakati wa kuaga mama mkwe akafungua mkoba wake, akatoa furushi limefungwa kwenye leso, zito. Akasema, "mkwe wangu, nilisikia huku mjini sukari shida, nikakubebea kilo tatu kutoka Tanga." Kilo tatu. Na mi pale nimesimama, nanukia udi, vikombe vya dhahabu vimepangwa nyuma yangu, mashoga zake wote wananiangalia, mdomo wangu huu huu ukajibu wenyewe kwa madaha yale ya mama wa Mzee wa Ilala: "Jamani mama, ungejisumbua nini, sisi sukari tunayo tele."

Akaniangalia. Akaangalia haluwa. Akaangalia meza. Akasema, "naona mwanangu, naona, hapa hamna dhiki. Basi hii nitampelekea wifi yako Magomeni." Akalirudisha mkobani. Nikamsikia zipu ikifunga.

Nimekaa jikoni toka saa moja usiku. Nakula haluwa iliyobaki.

Mchumi_wa_Buza

KILO TATU 😂😂😂 nimelala chini

Mzee_wa_Ilala83

Mama yangu angekuwepo angekusimamia wima akupigie makofi. Halafu angekuchapa.

Mwana_wa_Darajani

Haya wifi yako Magomeni nae anaalika chai lini? Mpigie mapema, na uende na mkoba mkubwa.

BintiSingida_Tabata

@Mwana_wa_Darajani nimeshampigia. Kasema karibu Jumamosi, ila nije na sukari yangu.